Je, wajua kwa nini plasta ya saruji inabanduka kwenye ukuta wa udongo?

Wengi wanaojijengea kwa matofali mabichi wakifika kwenye umaliziaji wa ndani wanakimbilia mfuko wa saruji, maana tumezoea kwamba nyumba bila plasta ya saruji bado haijaisha. Mwanzoni ukuta unapendeza kabisa. Halafu zinatokea nyufa nyembamba, ukigonga unasikia kuna uwazi nyuma, na siku isiyo na jina kipande kikubwa kinadondoka kikiwa kimeng'ang'ania udongo wa tofali. Lawama zote anabebeshwa fundi, eti kaiba saruji, wakati mara nyingi fundi wa watu hana kosa kabisa.

Shida ni kwamba hivyo vitu viwili havina tabia moja. Mfinyanzi uliomo kwenye tofali ni chembe ndogo sana zilizo bapa, zikipata unyevu zinavimba, zikikauka zinasinyaa, kwa hiyo ukuta unacheza kidogo kidogo masika na kiangazi. Saruji ikishakauka haichezi nao. Tena vumbi la udongo linaizuia isishike vizuri, ndo maana mafundi wanapigilia wavu wa kuku kwanza, na hapo ujue plasta yako imeshikwa na misumari, ukuta haujaishika.

Ila kinachonisumbua mimi zaidi ni maji. Unyevu unapanda kutoka chini ya ardhi, mvuke unatoka jikoni na kwenye pumzi za watu waliolala, na ukuta wa udongo unauvuta halafu unauachia taratibu hewani. Ukiuziba kwa saruji nje na ndani, unyevu ulioingia hauna pa kutokea, unajikusanya nyuma ya plasta hasa pale chini karibu na sakafu, tofali linalainika na wewe huoni kitu kwa sababu usoni kote kuzuri. Hiyo ni hatari kweli, siyo suala la urembo tu.

Kanuni yenyewe ni kwamba plasta isiwe ngumu kuliko ukuta. Na bibi zetu walikuwa nayo tayari, kusiriba. Udongo, mchanga, nyuzi na maji, basi. Kazi kubwa ni kuujua udongo wako: chukua chupa inayoonyesha ndani, jaza udongo nusu, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa sana uache mpaka kesho. Mchanga unatulia chini, mfinyanzi unakaa tabaka la juu kabisa. Mfinyanzi ukizidi plasta itapasuka vipande vipande kama tope la bwawa lililokauka, mchanga ukizidi itakuwa inapukutika ukiipitishia mkono. Udongo wenye mfinyanzi mwingi huwa unataka mchanga mara mbili hadi tatu yake, lakini usiniamini mimi wala mtu yeyote, piga viraka vya majaribio ukutani vyenye vipimo tofauti, vikauke kabisa, ndo uchague.

Na samadi ya ng'ombe je? Siyo ushamba jamani. Ng'ombe kashatafuna nyasi mpaka zimekuwa nyuzi fupi laini, hizo nyuzi zinashikilia udongo usipasuke unaposinyaa, na ule utelezi wake unasaidia kugandisha. Harufu inaisha ikikauka. Kama hutaki kabisa tumia majani makavu yaliyokatwa mafupi. Lowesha ukuta kwanza, tabaka la chini sentimita moja hadi mbili ulikwaruze likiwa bichi ili la juu lishike, la juu milimita mbili tatu tu.

Ukitaka weupe, paka chokaa. Chokaa ni jiwe la chokaa au tumbawe lililochomwa kwenye joto la kama nyuzi 900, hewa ya kaboni dayoksaidi inatoka, kisha linazimwa kwa maji. Ikiwa ukutani inavuta tena hewa ileile na kurudi kuwa jiwe, polepole, wiki hata miezi, ndo maana ukipaka tabaka nene au ukiacha likaukie juani linakuwa unga. Paka nyepesi ya majimaji, mara nyingi, kwenye ukuta uliolowa, na vaa glavu na miwani maana inaunguza ngozi na macho vibaya. Dukani uliza chokaa ya kujengea, ile ya kilimo kwa kawaida ni jiwe lililosagwa tu, haijachomwa, haitashika hata ufanyeje. Rangi ukitaka kuchanganya tumia za madini kama udongo mwekundu, nyingine nyingi chokaa inazifubaza.

Nenda Lamu uone chokaa ilivyofanya kazi, vile vidaka vya ukutani kwenye nyumba za zamani na nakshi zake ni plasta ya chokaa juu ya mawe ya matumbawe, na mji wake mkongwe uliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001. Kuta hizo nazo zikizibwa kwa saruji zinaumia, chumvi iliyomo kwenye mawe haina njia, inaganda ndani na kubomoa uso wa ukuta.

Bafuni ndo pagumu. Plasta ya udongo haivumilii maji ya moja kwa moja, hata ukiisugua vipi. Marrakesh huko Moroko wanatumia chokaa inayosuguliwa kwa jiwe laini halafu wanapaka sabuni ya mafuta ya zeituni, sabuni inaungana na chokaa na kuwa kitu kisichoyeyuka kwenye maji, ila inataka fundi mwenye mkono wa subira. Kama huna, weka vigae pale maji yanaporukia tu, juu ya ukuta wa mawe au tofali la kuchoma, na kuta zingine za bafu ziache na chokaa yake pamoja na dirisha linalofunguka.