Shafti za mbele zikilia, usikimbilie kununua zote mbili

Wateja wengi wanaoniletea Corolla, Carina au IST ya siku nyingi hapa Mbeya wanakuja wameshaambiwa na mtu: "Shafti zimekufa, nunua mbili mpya," yaani zile fimbo zinazopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi tairi za mbele. Huenda ni kweli. Ila mara nyingi kilichokufa ni jointi moja, au buti tu, mpira unaoifunika, na hela inaliwa bure.

Kila shafti ya mbele ina jointi mbili. Ya nje, upande wa tairi, huwa na gololi sita, na ndiyo inayojikunja unapokata kona. Ya ndani, upande wa gia boksi, kwa gari nyingi ndogo ina roli tatu zinazoteleza kufuata tairi likipanda na kushuka. Kila moja ina ugonjwa wake.

Tafuta uwanja mtupu, kata usukani mpaka mwisho, kisha zunguka taratibu huku unakanyaga mafuta. Ukisikia ka-ka-ka-ka inayofuata mwendo wa tairi, hiyo ni jointi ya nje. Zungusha na upande wa pili. Gari likikata kona kimya lakini likatetemeka unapovuta mlima, tuseme kutoka Uyole kwenda Isongole, na ukiachia mafuta linatulia, shuku jointi ya ndani. Mvumo unaopanda na spidi, ukanyage mafuta usikanyage, mara nyingi ni bearingi au tairi. Hapo hata ukifunga shafti ya dhahabu mvumo utabaki.

Chanzo huwa ni buti, ule mpira wenye mikunjo unaofunika jointi. Umri ukiupasua, au bua likiuchoma kwenye njia ya shamba, grisi inatoka na tope linaingia. Chungulia upande wa ndani wa rimu: grisi nyeusi iliyorushwa mpaka kwenye shokapu ni dalili tosha. Ukiwahi kabla jointi haijaanza kulia, una bahati. Shafti inashuka, jointi inaoshwa kwa petroli na kukaushwa, kisha unaangalia njia za gololi kwenye mwanga mzuri. Zikiwa laini, weka grisi mpya na buti mpya, umemaliza kwa bei ndogo kuliko zote. Zikiwa na vishimo, hakuna grisi itakayorudisha chuma. Na grisi iwe ile nyeusi ya jointi, yenye molibdenamu, siyo yoyote iliyobaki kwenye kopo. Buti ifungwe kwa klipu zake. Kuna mafundi wanaifunga kwa mpira wa tyubu. Msimu wa mvua hauishi kabla hujarudi gereji.

Jointi ya nje ikiwa imeliwa, unaweza kununua kichwa chake peke yake. Kama na ya ndani imechoka, mimi natafuta shafti nzima ya mtumba kutoka Japani kabla ya mpya ya bei ya chini kabisa. Mpya za namna hiyo nimeziona zikitetemeka tangu siku ya kwanza. Ya mtumba ishike mkononi, ikunje kila upande, isikwame wala isicheze, na buti zake zisiwe na nyufa. Nenda dukani na ile ya zamani: linganisha urefu, hesabu meno ya pande zote mbili, angalia kama ina ringi yenye meno ya breki za ABS. Kushoto na kulia mara nyingi hazilingani urefu. Pia si lazima kubadilisha kwa jozi; upande ambao haujaharibika uache.

Kazi yenyewe inaanza gari likiwa chini. Nyoosha nati ya habu, ile kubwa ya katikati ya tairi, pale ilipogongewa isilegee, au toa pini, kisha ilegeze tairi zikiwa ardhini. Kwa Toyota nyingi ndogo ni spana namba 30. Ndipo uinue, na uweke stendi. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Achia boli jointi ya chini, kiungo kinachoshika habu kwenye mkono wa chini, sukuma habu pembeni, toa ncha ya shafti. Ikigoma, rudishia nati juujuu ili nyundo isiue nyuzi.

Upande wa gia boksi ndipo wengi wanapoharibu. Wanaivuta shafti yenyewe, jointi ya ndani inaachana. Penyeza taimbo kati ya jointi na gia boksi, piga kishindo kifupi, itachomoka. Oili itamwagika, kinga beseni. Badilisha oili sili, ringi ya mpira inayozuia oili isivuje, muda huohuo, maana ni ya bei ndogo na kuifikia tena ni kazi ileile upya. Shafti unayofunga iingize mpaka usikie klipu imebana, ivute kidogo uhakikishe, kisha rudishia oili ya gia boksi ya aina ileile mpaka kipimo chake.

Nati ya habu iwe mpya. Ikaze gari likiwa chini. Kwa hizo Toyota ndogo nguvu ya kukaza inafika kama Nm 216, kwa hiyo azima spana ya kipimo, nguvu ya mkono haitoshi kukisia. Igongee mahali pake. Na shafti ikiwa nje, usilishushe gari na kulisukuma kupisha lingine: kwa gari nyingi shafti ndiyo inayobana bearingi ya habu, na bila hiyo bearingi inaachia.