Jamani, redio za Tijuana si za maharamia

Nimeulizwa tena kama bado nahudumia mitambo ya "redio za maharamia" za Tijuana, mji wa Mexico unaopakana na California. Mara hii najibu kwa maandishi, ili anayekuja na swali hilo nimtumie kiungo.

Haramia wa mawimbi ni anayerusha matangazo bila leseni. Vituo vya hapa mpakani vinavyosikika San Diego, na vingine hadi Los Angeles, vina leseni ya serikali ya Mexico, masafa yaliyogawanywa kwa mkataba wa nchi mbili, na herufi za utambulisho zinazoanza na XE au XH. Mtangazaji anaweza kumwaga Kiingereza kutwa nzima, lakini saa sita usiku na saa kumi na mbili asubuhi unapigwa wimbo wa taifa wa Mexico. Jumapili saa nne usiku redio zinaingiza La Hora Nacional, kipindi cha serikali kilichopo tangu 1937. Haramia gani huyo mwenye nidhamu hivyo?

Chanzo cha uzushi nakijua: Brinkley. Huyu "daktari" aliyetajirika kwa kuwapandikiza wanaume tezi za mbuzi alinyimwa leseni ya redio yake ya Kansas mwaka 1930. Mwaka uliofuata akafungua XER huko Villa Acuña, ng'ambo ya mto kutoka Del Rio, Texas. Baadaye ikaitwa XERA, ikapanda hadi kilowati 500, wakati vituo vikubwa vya Marekani viliruhusiwa 50. Tapeli? Tena wa kutupwa. Lakini leseni alikuwa nayo. Marekani na Kanada zilikuwa zimegawana masafa bila kuiachia Mexico chochote, kwa hiyo Mexico ingekuwa na sababu gani ya kumkatalia?

Marekani ilijibu kwa kifungu cha 325 cha sheria ya mawasiliano ya 1934, na hapa ndipo hata wenzangu wa fani wananichosha. Utasikia "FCC (mamlaka ya mawasiliano ya Marekani) imeifunga redio ya Tijuana." Haijaifunga, haina ubavu huo. Mnara uko Mexico. Kifungu kinachobana ni kipindi: ukikitengeneza ndani ya Marekani, ukakipeleka kwenye kituo cha nje ambacho matangazo yake yanarudi kusikika vizuri Marekani, lazima uwe na kibali cha FCC.

Tazama XETV, chaneli 6 ya Tijuana, iliyoanza 1953. Tangu 1956 ilirusha vipindi vya ABC, mtandao wa televisheni wa Marekani, kwa watazamaji wa San Diego. Chaneli 39 ya San Diego ikalalamika, FCC ikafuta kibali, na 1973 ABC ikahama. XETV ikabaki hewani na Kiingereza chake, ikaja kurusha vipindi vya mitandao mingine, Fox, kisha CW, hadi 2017. Au chukua 690 AM, redio ya hapahapa Tijuana. Mwaka 2018 ilianza kutangaza kwa Kichina. Juni 2020 FCC ikayatupa maombi ya kibali kwa sababu Phoenix Radio, iliyokuwa ikitengeneza vipindi kwenye studio ya Irwindale, California, haikutajwa kama mwombaji. Kilichokatwa ni vipindi kutoka Irwindale. Leseni ya Mexico haikuguswa.

Sasa niseme ambalo kwenye semina halisemwi. Kwa maandishi, bosi ni mwenye leseni wa Mexico. Lakini muziki ukichaguliwa San Diego, matangazo ya biashara yakauzwa San Diego na mishahara ikalipwa San Diego, ubosi huo unaishia wapi? Wanasheria wanadai kuna mstari. Mimi miaka yote hii siuoni.

Halafu kuna hili la kilowati. Kila mtu anakwambia 690 ilifika Los Angeles kwa sababu ilikuwa na kilowati 77.5 mchana. Zilisaidia, sawa. Ila kazi kubwa ilifanywa na bahari. Mtambo uko Rosarito, pwani kusini mwa Tijuana, na mawimbi ya kati, yaani ya AM, hutambaa vizuri mno juu ya maji ya chumvi, ambayo hupitisha umeme mara elfu na zaidi kuliko ardhi kavu ya California. Ndiyo maana Gordon McLendon, mfanyabiashara wa redio kutoka Texas, mwaka 1961 aliweza kuitumia 690 kuwauzia watu wa Los Angeles taarifa za habari saa 24. Kilowati hizohizo ukizipeleka bara, jangwani, utalia.

Ramani za usikivu, zile zenye miduara ya rangi, tunazichora kwa kukadiria jinsi ardhi inavyopitisha umeme, na makadirio yenyewe ni ya zamani. Kelele ambazo chaja za simu, taa za LED na nyaya za umeme za mjini huingiza redioni hazimo humo kabisa. Mteja akiniuliza kama redio inasikika Pasadena, karibu na Los Angeles, namwambia awashe redio ya gari aende mwenyewe.