CD ya jirani, leseni yako: yanayosemwa kuhusu kupiga Windows upya

"Ukipiga Windows kwa CD ya mtu mwingine, umeiba Windows yake."

Hapana. Dhana hii ndiyo inayowafanya watu wenye leseni halali kabisa wamlipe fundi pesa ya "Windows mpya" wasiyoihitaji. CD imebeba mafaili tu. Haki ya kutumia iko kwenye ufunguo wa herufi na namba 25, na ufunguo huo ulikuja na laptopu yenyewe.

Pindua laptopu ya zama za Windows 7. Chini yake, au ukitoa betri, utakuta stika ya Microsoft yenye ufunguo. Nyingi zimefutika kwa joto na msuguano wa mapajani, zimebaki nyeupe, kwa hiyo kama yako bado inasomeka ipige picha leo. Laptopu zilizotoka kiwandani na Windows 8, yaani kuanzia 2012, hazina haja ya stika hiyo: ufunguo umeandikwa ndani ya mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, kwenye chipu ya BIOS (programu ndogo inayoiamsha mashine), na Windows inausoma yenyewe wakati wa kusakinisha. Kama mashine iliwahi kuwa na Windows 10 au 11 iliyoaktivetiwa, yaani iliyothibitishwa na Microsoft kuwa ina leseni, Microsoft wanaitambua kwa mazabodi yake. Ukiulizwa ufunguo, chagua jibu la kwamba huna, maliza kazi, kisha unganisha intaneti. Hata kama CD ni ya shemeji yako wa Arua, leseni inabaki yako.

"Basi CD yoyote inafaa."

Hapa watu wengi wanakwama. Ufunguo na toleo lazima viendane: ufunguo wa Windows 7 Home Premium hauingii kwenye Ultimate, na wa Home hauaktiveti Pro. Biti 32 au 64 si hoja, ufunguo ni ule ule. Kuna pia CD za kurejeshea zinazotolewa na watengenezaji kama HP, Dell na Toshiba. Hizo mara nyingi hukagua BIOS kwanza, na ya HP ikikutana na Toshiba inagoma. Haijaharibika, imekataa mashine isiyo yake.

Kinyume chake pia hutokea. Unaweka CD yenye Home na Pro, unasubiri uulizwe unataka ipi, huulizwi, inaingia Home moja kwa moja. Watu husema CD ni mbovu. Kumbe imesoma ufunguo wa Home ulio kwenye BIOS ikafuata huo.

"CD ya fundi inayojiaktiveti yenyewe ni bora zaidi."

Mimi naiogopa hii kuliko zote. Kwenye arkedi za katikati ya Kampala unaweza kupewa CD iliyoandikwa kwa kalamu ya maka: "Win 10 Ultimate". Windows 10 haijawahi kuwa na toleo la Ultimate. Jina hilo liliishia kwenye Windows Vista na Windows 7. Ukiona hivyo, ujue kuna mtu ameifungua Windows, akaongeza vyake, akaifunga tena. Alichoongeza kinaweza kuwa picha ya mezani na kiaktiveta (programu ya kuaktiveti bila leseni) tu, au kinaweza kuwa kitu kinachosubiri uandike nywila ya benki. Kwa kutazama skrini hutajua. Fundi akikuambia uzime antivairasi kwanza ndipo "iingie vizuri", chukua laptopu yako uende. Na kisheria, Sheria ya Hakimiliki na Haki Jirani ya Uganda ya 2006 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu na muziki.

"Windows halali ni kununua CD dukani."

Microsoft wenyewe wanaiweka kwenye tovuti yao bure. Unachohitaji ni flashi ya GB 8 na bando la kutosha, na hapo kwenye bando ndipo panapouma: faili la Windows 11 linazidi GB 5, na tangu Julai 2021 data ya intaneti Uganda inatozwa ushuru wa asilimia 12. Kwa hiyo kuazimana ni akili. Mmoja ashushe, flashi izunguke mtaa mzima, kila mashine itumie ufunguo wake. Ubuntu, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta usiotoka Microsoft, ni rahisi zaidi, maana kuinakili na kuigawa kunaruhusiwa waziwazi. Kati ya 2005 na 2011 watengenezaji wake waliituma hata kwa CD za bure kwa posta.

"Usipoaktiveti, siku ya 30 inazima."

Hiyo ilikuwa Windows XP ya zamani. Windows 10 na 11 zinakuandikia ukumbusho pembeni mwa skrini na kukunyima kubadili picha na rangi, kazi inaendelea. Ila Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, hata kama CD yako bado inapiga.

"Vilivyo kwenye D haviguswi."

D ni sehemu ya diski ambako wengi huweka mafaili yao, mbali na C yenye Windows. Haviguswi usipovigusa wewe. Skrini ya kuchagua sehemu ya diski haioneshi picha za harusi yako, inaonesha namba na ukubwa tu, na kufuta sehemu isiyo sahihi ni kubofya mara mbili. Laptopu mpya zina jambo lingine: diski nyingi zimefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows inayoficha data ya diski, bila mwenyewe kujua, na baada ya kupiga Windows upya D inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48. Utafute kwenye akaunti yako ya Microsoft kabla hujaanza, si baada.

Na Wi-Fi ikipotea baada ya kazi, CD haina kosa, kinachokosekana ni draiva, programu inayoiwezesha Windows kutumia kifaa hicho. Chomeka simu kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti kwa USB, kisha shusha draiva kwenye tovuti ya mtengenezaji ukitumia modeli iliyoandikwa chini ya laptopu.