Empati ni nini, na mtunga komedi anaihitaji kwa nini

Tunasema "kumwonea mtu huruma". Ondoa neno "huruma" hapo mwisho: kinabaki "kumwonea", yaani kumdhulumu asiyeweza kujitetea. Filamu nyingi za komedi tunazopiga kwa simu hapa Goma, mashariki mwa Kongo, zinatembea juu ya mpaka huo.

Empati inakwenda mbali kuliko huruma. Mwenye huruma anaiona shida yako akiwa kwake. Anakupa pole, pengine na franka 500, anaendelea na safari. Mwenye empati anajaribu kuiona siku yako kutoka pale ulipokaa wewe: unachoogopa, unachoficha, hata kinachokuchekesha. Dhana yenyewe ilitoka kwenye sanaa. Mwaka 1873 Mjerumani Robert Vischer aliandika juu ya Einfühlung, "kuingia ndani kwa hisia", akieleza namna mtu anavyotazama umbo au mchoro. Wanasaikolojia waliichukua baadaye.

Ina pande mbili. Kuna kujua kwa akili mwenzako anahisi nini, na kuna kuguswa nawe na hisia hiyo. Upande wa kwanza peke yake ni hatari, maana hata tapeli anao: anajua vizuri sana unapoumia. Mchekeshaji naye anapajua. Ndiyo maana kazi yetu inaweza kujeruhi hivi.

Mimi nilijifunza hili kwenye foleni ya maji. Tulikuwa tunapiga filamu fupi yenye "kichaa wa soko", mtu unayemjua katika komedi zetu: koti lililochanika, viatu visivyofanana, anaongea peke yake na watoto wanamkimbiza. Mwigizaji wetu alikuwa hodari, watu walicheka. Mama mmoja akaweka bidoni lake, dumu la maji, chini, akaniuliza, "Mutoto wangu, ule mwenye munaiga, munajua mama yake?" Nikajibu, "Mama, tuko nafanya filamu tu." Akasema, "Ni miye." Akabeba bidoni lake, akaenda.

Siku ya tatu nilimtafuta nikaomba radhi. Alinikaribisha, akanieleza juu ya kijana wake kwa saa nzima, na mengi aliyonieleza yalikuwa ya kuchekesha kwelikweli. Kijana hakuweza kuvumilia bidoni zilizopangwa ovyo. Kila asubuhi alizinyoosha zote mstari mmoja, vifuniko upande mmoja, na kila moja alijua ni la nani. Siku alipougua foleni iligeuka ugomvi.

Tuliandika senario, yaani hadithi ya filamu, upya. Mhusika alibaki, kicheko kikahama. Sasa tunawacheka majirani: mmoja analeta maji ya maombi, mwingine anasema dawa ni kumuozesha, wa tatu anatoa ushauri huku akilipenyeza bidoni lake mbele. Na kijana anamwambia, kwa upole, "Yako ni ya kumi na ine." Hapo ndipo watu walicheka kuliko mahali pengine pote, na mama yule naye alicheka.

Afya ya akili inaingia hapa kwa milango miwili. Wa kwanza ni watazamaji. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mahali palipopita vita katika miaka 10 iliyotangulia, zaidi ya mtu 1 kati ya 5 anaishi na ugonjwa wa akili, kuanzia sonona na wasiwasi hadi magonjwa mazito. Sisi tumeona volkano ya 2002 na ya 2021, tumeona kambi za wakimbizi zikijaa, tumeona vita ikiingia mjini Januari 2025. Ukimwita mgonjwa "kichaa" ili watu wacheke, kuna mtu kwenye benchi ambaye atakaa na ugonjwa wake kimya mwaka mwingine, wakati hapahapa mjini kuna kituo cha Tulizo Letu kinachotibu magonjwa hayo.

Mlango wa pili ni mtunzi mwenyewe. Ukisikiliza watu kwa moyo wote, unarudi nyumbani na mizigo yao. Nilipitisha majuma nikikosa usingizi kwa sababu ya mambo niliyosimuliwa. Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1957 kwamba uhisi ulimwengu wa mwenzako kana kwamba ni wako, bila kupoteza hata siku moja hiyo "kana kwamba". Maneno hayo mawili yananilinda. Maumivu ya yule mama si yangu. Nimepewa niyabebe kwa muda tu. Kwa hiyo usiku sifanyi montaji, yaani kukata na kuunga, ya ushuhuda wa watu, na siusikilizi peke yangu.

Naye mwigizaji tunamtunza. Tukimaliza kupiga, anavua lile koti, ananawa uso, na kila mmoja wetu anamsalimu kwa jina lake mwenyewe, lile alilopewa na wazazi wake. Ndipo tunaleta bugali na sambaza, samaki wadogo wa ziwani, tunakula.