Kidole gumba cha Mwenda Jean Bosco

Wapenzi wa gitaa kavu, lile lisilotumia umeme, wakimtaja Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Katanga nchini Kongo, wengi huanza na nyuzi nyembamba, pale anapomwaga zile noti za juu. Mimi ninamheshimu zaidi kwa kidole gumba. Ukilielewa gumba lake, umeshaielewa nusu ya gitaa la Katanga.

Bosco alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya. Hugh Tracey, mtafiti aliyerekodi muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952 mjini Jadotville, leo Likasi, na kibao chake "Masanga" kikaenda mbali. Baadaye alikaa Nairobi kwa muda, na wapigaji wa Kenya walimsikia kwa karibu. Alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya gari nchini Zambia.

Mkono wa kulia hutumia vidole viwili tu: gumba na cha shahada. Gumba linashika nyuzi nene, za 6, 5 na 4; shahada inashika nyembamba, za 3, 2 na 1. Aliyezoea kuchuna kwa vidole vitatu au vinne huona huu ni umaskini, lakini ndipo ladha ilipo. Kidole kimoja kinalazimika kurudi kila mara kuichuna noti inayofuata, kwa hiyo kila noti ya juu inatoka fupi na yenye uzito wake. Ukiongeza kidole cha kati, noti zinateleza na kushikana, na mlio unageuka wa Kimarekani.

Anza na kordi ya C (kordi ni noti kadhaa zinazopatana), nyuzi zikiwa zimekazwa kwa utyunishaji wa kawaida. Gumba lipige uzi wa 5 kwenye freti (kipande cha chuma kwenye shingo ya gitaa) ya 3, kisha uzi wa 4 kwenye freti ya 2, zamu kwa zamu, bila shahada kabisa. Weka metronomu, kifaa cha kuhesabu mapigo, kwenye mapigo 60 kwa dakika. Likitulia, ongeza noti: kidole kidogo cha kushoto kibonyeze uzi wa 4 kwenye freti ya 3, gumba lipite noti za C, E, F, E. Hili ni zoezi tu, hulikuti kwenye santuri yake, lakini linakufundisha jambo lenyewe: gumba la Bosco linaimba, halikai kupiga besi ile ile mpaka wimbo uishe.

Kwenye F usibane nyuzi zote sita. Shahada ya kushoto ilalie nyuzi za 1 na 2 kwenye freti ya 1, uzi wa 3 ubonyezwe freti ya 2, wa 4 freti ya 3. Mkono unabaki mwepesi, na vidole vinapata nafasi ya kusogea. Kwenye G gumba liende uzi wa 6, freti ya 3, halafu uzi wa 4 ukiwa wazi.

Sasa sehemu inayowashinda wengi. Hesabu hadi sita, haraka na sawasawa. Gumba lipige kwenye 1 na 4. Shahada kwenye 1, 3 na 5. Mbili dhidi ya tatu. Kosa la kawaida ni gumba kuifuata shahada: linachelewa kidogo kwenye 4 ili likutane na 5, na mdundo unaanguka. Dawa yake ni mguu. Gonga sakafu pamoja na gumba, na usipandishe kasi mpaka mguu uache kuyumba. Kosa la pili ni kuzipiga nyuzi nene kwa nguvu hadi zifunike za juu. Weka ubavu wa kiganja juu ya daraja la gitaa (pale nyuzi zinapofungwa kwenye mwili wake), ukigusa nyuzi nene kidogo tu, ili besi ikatike mapema.

Ukitaka kuimba na sauti yako iko juu, funga kapo, kibanio kinachobana nyuzi zote shingoni, badala ya kuhamia kordi nyingine. Kabla ya kapo za dukani kuenea, watu walifunga penseli kwa mpira juu ya nyuzi, na inafanya kazi, mradi penseli iwe imenyooka. Iliyopinda huacha uzi mmoja ukikwaruza.

Kwa kusikiliza, chukua "Masanga" ya gitaa tupu kabla ya "Bombalaka". Mara ya kwanza fuata gumba peke yake mwanzo hadi mwisho, hata kama sikio linakimbilia juu. Mara ya pili ndipo ufuate shahada.