Maziwa hayasafishi kibofu

Hapa Tanga mafundi wa batiki huambiana: ukimaliza kuchovya vitambaa, kunywa maziwa, sumu yote itatoka. Jirani yangu hunywa kila jioni, mistari ya viganja vyake ikiwa bado ya zambarau.

Maziwa ni chakula kizuri, lakini yanaishia tumboni. Unga wa rangi huvutwa puani, na baadhi ya kemikali hupenya ngozi. Zikishaingia kwenye damu, ini huzibadilisha, figo huzichuja, kisha hukaa ndani ya mkojo zikigusa ukuta wa kibofu mpaka uende haja. Mwaka 1895, daktari Ludwig Rehn wa Frankfurt alieleza saratani ya kibofu kwa wafanyakazi wa kiwanda cha rangi.

Si rangi zote zina hatari hiyo. Zinazoogopwa hasa ni zinazotokana na benzidini, kemikali ya kutengenezea rangi. Lakini rangi ya kupimiwa kwenye kifuko kisicho na jina utaijuaje? Vaa glavu, funika pua unapokoroga unga.

Saratani hii inaweza kujitokeza baada ya miaka 20 au zaidi. Pwani yetu, mkojo ukiwa na damu tunasema kichocho, basi. Lakini damu hiyo inaweza pia kuwa dalili ya saratani hii. Nenda ukapimwe, na umwambie daktari kazi uliyowahi kufanya.