Raba laini siyo kwamba inafaa kwa kila zoezi

Watu wengi wanaamini raba ikiwa na soli nene na laini basi inafaa kwa kila kitu, kukimbia, jimu, basketi, hata kuruka kamba, na ukicheki bei za raba unaelewa kabisa kwa nini mtu anataka moja imalize yote.

Kwa kukimbia lami ule ulaini unasaidia kweli, maana mguu unapiga chini mara nyingi na unaenda mbele tu. Shida inaanza kwenye basketi au netiboli, pale unageuka ghafla unaenda pembeni, soli nene laini inaminyika upande mmoja na kifundo kinaweza kuteguka. Kwenye vyuma nako, ukichuchumaa na uzito mabegani soli inabonyea unayumba, ndo maana wanyanyuaji wengi wanavaa raba bapa ngumu, na viatu vyao vya mashindano vina kisigino kigumu kilichoinuka. Kutembea tu? Wala usijisumbue, ya kukimbia inatosha.

Kujipimia ni rahisi. Ikunje raba kwa mikono, inatakiwa ikunjike pale vidole vinapokunjika, siyo katikati. Ivae, simama mguu mmoja, yumba pembeni usikie kama mguu unateleza ndani. Jaribu jioni maana miguu huvimba kidogo mchana, tena na soksi utakazotumia. Ya mtumba ibonyeze soli kwa dole gumba, ikiwa imekakamaa au ina mikunjo mingi pembeni basi ulaini ulishaisha, hata kama juu inang'aa.